Sura ya Tano: Kiti Hugombewa Kaburini

Agosti 1973 mafundi wa Kichina na wenzao Watanzania walifikisha reli Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia. Kwa Wanyamwanga na Wanyiha wa wilaya ya Mbozi ya wakati huo, mlio wa treni ulikuwa kitu kipya kabisa. Kwa Wachina wale ulikuwa mwaka wa nne wa kazi ngumu iliyogharimu maisha ya wenzao zaidi ya 60. Waliokufa walizikwa katika ardhi yetu. Makaburi yao mengi yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na hadi leo yanafagiliwa na kuwekewa maua kila Aprili, Wachina wanapowakumbuka wafu wao.

Lakini mafundi hao walitoka katika nchi ambayo, miaka saba tu kabla ya reli kufika Tunduma, vijana wake walikuwa wameitoa mifupa ya mfalme wao wa zamani, wakaisimanga hadharani na kuitia moto. Na mahali walipofikisha reli yao palikuwa nchi iliyofuta uchifu miaka kumi nyuma. Pande zote mbili zilikuwa zinajenga dola mpya juu ya nchi ya zamani, na kila upande ulikuwa na wafalme wake waliolala chini ya udongo. Sura hii inauliza kwa nini waliolala hivyo husumbua walio hai kiasi cha kufukuliwa.

Tuanze China, kwa sababu hakuna nchi iliyoweka kumbukumbu ndefu zaidi ya uharibifu huu. Karibu kila ukoo wa kifalme ulipoanguka, makaburi yake yaliguswa. Mwaka 26 hivi baada ya Kristo, waasi waliojipaka nyusi rangi nyekundu walifukua makaburi ya wafalme wa Han karibu na Chang'an. Miaka mia na sitini na kitu baadaye, jemadari Dong Zhuo aliichoma Luoyang na kuwaachia askari wake makaburi ya pale. Mambo hayo yalizoeleka hata mfalme Cao Pi, mwaka 222, akaacha wosia azikwe bila dhahabu wala vito. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna dola isiyofikia mwisho, basi hakuna kaburi la kifalme lisilofikiwa na wezi. Huyu alikuwa mtawala aliyeketi kwenye kiti alichomnyang'anya wa mwisho wa Han. Alijua alichokuwa anakisema.

Wizi wa dhahabu unaeleza sehemu tu ya habari. Askari mwenye njaa anafukua kaburi kwa sababu ya njaa, hilo halihitaji sura ya kitabu. Ninachotaka msomaji akiangalie ni pale serikali yenyewe, yenye hazina na mishahara, inapotuma watu wakavunje.

Mwanzoni mwa miaka ya 1620, ukoo wa Ming uliokuwa ukitawala kutoka Beijing ulikuwa unapigwa vibaya na Wamanchu kutoka kaskazini mashariki. Wamanchu walijitaja kuwa warithi wa Wajurchen, waliotawala kaskazini mwa China karne kadhaa nyuma kwa jina la Jin, na wafalme wa Jin walikuwa wamezikwa milimani, Fangshan, si mbali na Beijing. Wachina waliamini kwamba baraka ya ukoo hupita ardhini, katika mishipa ya milima, ikatoka kaburini kwenda kwa wajukuu. Basi mfalme wa Ming aliamuru makaburi ya Jin yavunjwe na mshipa wa mlima ukatwe, ili Wamanchu wapungukiwe nguvu. Wafalme waliokufa miaka mia nne hivi nyuma walipigwa vita kama jeshi lililo hai. Haikusaidia. Mwaka 1635 waasi wa ndani walichoma makaburi ya mababu wa Ming wenyewe kule Fengyang, na mwaka 1644 Wamanchu wakaingia Beijing.

Walipoingia walifanya kinyume. Mfalme wa mwisho wa Ming alikuwa amejinyonga. Wamanchu walimzika kwa heshima na kuweka walinzi kwenye makaburi ya ukoo wake. Naliona hilo kuwa tendo la siasa lenye akili kuliko yote yaliyosimuliwa hapa. Anayemzika mfalme aliyetangulia hujionyesha kuwa mrithi wake halali, na watu wakashuhudia.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha karne ya 13. Wamongolia wa Kublai Khan waliuteka mji mkuu wa Song ya Kusini, Hangzhou, mwaka 1276. Mtawa mmoja Mtangut, Yang Lianzhenjia, aliyepewa usimamizi wa dini ya Buddha kusini mwa China, aliyafukua makaburi ya wafalme wa Song karibu na Shaoxing. Fuvu la mfalme Lizong likafanywa kikombe cha kunywea. Mifupa mingine, kwa mujibu wa masimulizi ya Wachina, ilichanganywa na ya ng'ombe na farasi, ikafukiwa chini ya mnara uliojengwa pale lilipokuwa jumba la kifalme, ili wafalme na wanyama wasijulikane tena nani ni nani.

Ila kulikuwa na msomi mmoja asiye na cheo, Tang Jue. Aliuza alivyokuwa navyo, akawakusanya vijana usiku, wakaitwaa mifupa ya wafalme na kuweka mingine mahali pake, wakaizika kwa siri. Hawakuweza kuweka jiwe wala jina, kwani lingewaua. Walipanda miti isiyopukutisha majani. Mwenye kujua angepita akajua. Asiyejua angeona miti tu. Ukoo wa Ming ulipoingia madarakani 1368, mfalme wa kwanza alilitafuta lile fuvu la Lizong, akaamuru lirudishwe na kuzikwa. Lilikuwa limekaa mikononi mwa wageni miaka themanini hivi. Shika habari ya ile miti na habari ya lile fuvu, maana vyote viwili vitatutokea tena karibu na nyumbani.

Ukoo wa mwisho, Qing, ulijiuzulu Februari 1912 kwa mkataba, na serikali ya jamhuri iliahidi humo kuyalinda makaburi yake. Julai 1928 jemadari Sun Dianying aliwaambia wakazi wa Zunhua, mashariki mwa Beijing, kwamba askari wake wana mazoezi. Wakatumia baruti kulipua kaburi la mfalme Qianlong na la Cixi, mama-malkia aliyeishika China kwa karibu nusu karne. Miili ilitupwa, vito vikachukuliwa. Puyi, mfalme wa mwisho, alikuwa kijana wa miaka 22 anayeishi Tianjin bila kiti. Aliweka matanga, akangoja serikali imwadhibu jemadari. Hakuna aliyeadhibiwa. Katika kumbukumbu za maisha yake Puyi aliandika kwamba jambo lile lilimuuma kuliko kufukuzwa kwenye jumba lake mwaka 1924, na kwamba aliapa kulipiza. Mwaka 1932 aliketi kwenye kiti alichowekewa na Wajapani Manchuria, na mamilioni waliteseka chini ya dola ile. Sisemi kaburi moja lilileta yote hayo. Nasema serikali iliyoshindwa kulinda kaburi ilimpa adui yake mtu mwenye kisasi.

Na mwaka 1966, katika Mapinduzi ya Utamaduni, ikaja zamu ya Wanli wa ukoo wa Ming. Kaburi lake, Dingling, lilikuwa limefunguliwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1950. Walinzi Wekundu waliitoa mifupa yake na ya malkia wake wawili, wakaishtaki kama watu wanaomshtaki kabaila aliye hai, wakaichoma. Mwanaakiolojia yeyote wa China atakwambia kwamba hasara ile ni sababu mojawapo ya nchi yake kusita hadi leo kufungua makaburi makubwa ya wafalme kwa hiari.

Sasa turudi kwetu.

Oktoba 1856 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alifia baharini akiwa safarini kutoka Maskati. Mwanawe Barghash alikuwamo merikebuni. Walipokaribia Unguja, Barghash aliuteremsha mwili wa baba yake kwa siri, usiku, ukazikwa; kisha akajaribu kuikamata ngome. Dada yake Salme, aliyeandika kumbukumbu zake Ujerumani zikachapishwa 1886, anaieleza haraka ile: kwa desturi yao ugomvi wa urithi ulipaswa kukatwa maiti ikiwa ingalipo, kabla ya kuzikwa. Barghash alitaka kuwanyima ndugu zake kikao hicho. Alishindwa, akatawala ndugu yake Majid, na Barghash akasubiri hadi 1870.

Mfano wa pili ni wa Rwanda. Mfalme Mutara III Rudahigwa alikufa ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Siku tatu baadaye, kwenye mazishi kilimani Mwima, mbele ya gavana wa Kibelgiji, walinzi wa siri za kifalme walikataa mfalme azikwe nchi ikiwa haina mfalme mwingine. Wakamtaja pale pale Kigeli V Ndahindurwa, mwenye miaka 23. Wabelgiji walikuwa na mipango mingine, lakini mbele ya jeneza na umati ulioinua sauti hawakuweza kusema kitu. Ufalme ule haukufika mbali, kwani Januari 1961 jamhuri ilitangazwa, na Kigeli akaishi uhamishoni Tanganyika, Uganda, Kenya na hatimaye Marekani. Alipofariki Oktoba 2016, jamaa zake walishindania mwili wake hadi mahakamani Virginia. Jaji akaamua urudi Rwanda. Akazikwa Mwima Januari 2017, mahali pale pale alipotajwa kuwa mfalme.

Visa hivi viwili vinatupa ufunguo. Katika nchi zetu, kama China, kiti hakihami kwa mtu kufa; huhama kwa mtu kuzikwa, na anayesimama kaburini kama mzikaji ndiye anayesimama kama mrithi. Kwa hiyo anayetaka kuung'oa ukoo mzima hana budi kuhakikisha kwamba hakuna kaburi la kusimamia.

Wajerumani walilielewa hilo Uhehe, kilomita mia chache kutoka Tunduma kwa barabara kuu ya leo. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliliangamiza jeshi lao lililoongozwa na Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, lakini yeye aliendelea kupigana porini karibu miaka minne, huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, askari walipomkaribia Mlambalasi, alijipiga risasi. Sajini Merkl alimkuta amekufa. Wangeweza kumwacha, vita vilikuwa vimekwisha. Wakamkata kichwa. Mwili ulizikwa na watu wake Mlambalasi, fuvu likaenda Ujerumani.

Kilichotendeka ni kulivunja kaburi kabla halijachimbwa. Wahehe walibaki na mfalme asiyezikika, na kila mwaka wa utawala wa Wajerumani ulikuwa ushahidi kwamba hakuna Mhehe mwenye nguvu ya kumzika mzima. Waingereza nao walijua thamani ya fuvu lile. Katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kati ya fidia za makaa na meli na mipaka ya Ulaya, uliandikwa wajibu wa Ujerumani kulikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Halikuja. Miaka 35 ikapita hadi Gavana Edward Twining alipokwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akachagua fuvu moja kwa vipimo vilivyolingana na vya jamaa wa Mkwawa, akalileta Kalenga. Mwaka 1954 alilikabidhi kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, mbele ya Wahehe waliojaa uwanja.

Twining hakuwa msafiri wa huruma tu. Jirani, Kenya, kulikuwa na vita vya Mau Mau, na gavana alihitaji machifu watiifu. Kama Wamanchu wa 1644, alichagua kuwa mzikaji. Hata hivyo mimi siwezi kuidharau furaha ya siku ile, maana kwa Wahehe ilikuwa haki yao, hata kama aliyeileta alikuwa na hesabu zake. Adam Sapi baadaye akawa Spika wa Bunge la Tanganyika huru, akakikalia kiti hicho kwa miaka mingi.

Wengine bado wanangoja. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa na Wajerumani Februari 1906, katika vita vya Maji Maji, na kichwa chake kikachukuliwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya ukoo wake, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu. Fuvu la Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa tarehe 2 Machi 1900, nalo halijarudi.

Buganda nitaigusa kwa ufupi, ingawa ingejaza kitabu chake. Zamani taya la Kabaka, yaani mfalme, lilitenganishwa na mwili na kutunzwa katika nyumba yake maalumu. Mutesa I, aliyefariki 1884, ndiye wa kwanza kuzikwa mzima, ndani ya jumba lake la Kasubi. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa II alitoroka akafia London mwaka 1969. Na nani aliyeurudisha mwili wake uzikwe Kasubi mwaka 1971? Amin yule yule, aliyekuwa amempindua Obote miezi michache kabla na kuhitaji Waganda wamkubali. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza jumba lile kubwa la nyasi, lililokuwa Urithi wa Dunia tangu 2001. Rais Museveni alipofika kesho yake palikuwa na vurugu na watu wakauawa kwa risasi. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, na UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Na huku Songwe, mkoa wenye Tunduma?

Msafiri akitafuta makaburi ya kifalme kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika hatakuta kuba wala mnara. Watawala wa ukanda huu walizikwa penye miti. Monica Wilson, aliyeishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika habari za Lwembe, mfalme-kuhani ambaye Wanyakyusa na jirani zao walimtegemea kwa mvua na rutuba. Lwembe hakuachwa amalizwe na maradhi. Waliomlinda walimzuia pumzi mwisho ulipokaribia, kwa kuwa uzima wa nchi ulikuwa katika pumzi yake, wakamzika katika kichaka cha Lubaga. Kyungu, mtawala wa Ngonde, ng'ambo ya mto Songwe, alikuwa na kilima chake cha Mbande. Kichaka kilikua, hakikukatwa kuni, hakikuingiwa ovyo, na tambiko za nchi nzima zilifanyikia hapo.

Nikilinganisha na Shaoxing, naona kwamba wazee wetu walianza pale Tang Jue alipomalizia. Hawakungoja adui ndipo wapande miti. Jemadari mwenye baruti angefika Lubaga asikute kitu cha kulipua.

Udhaifu wa kaburi la namna hii uko kwingine. Linaishi maadamu kuna watu wanaolijua na wenye mamlaka ya kulikataza shoka. Na watu hao ndio walioondolewa, hatua kwa hatua, bila hata mmoja kukusudia kuvunja kaburi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890 ulipitisha mpaka kati ya maziwa haya mawili na kuwagawa Wanyamwanga, wengine leo wako Nakonde upande wa Zambia, wengine Tunduma. Wamisionari wa Moravia walileta makaburi ya kanisani. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa Tanganyika, na mwenye nchi akawa raia kama wengine. Sikatai hatua ile. Uchifu uliokuwa umegeuzwa na wakoloni kuwa ofisi ya kukusanya kodi haukuwa na namna ya kuendelea, na taifa la makabila zaidi ya 120 lilihitaji sauti moja. Lakini sheria ilipokiondoa kiti haikusema nani atalinda kichaka.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Kati ya 1973 na 1976, reli ikiwa ndiyo kwanza imepita, mamilioni ya wakulima nchini walihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Kwa waliohama, kilichobaki nyuma hakikuwa nyumba peke yake. Yalibaki makaburi, na kaburi lisilo na jirani anayelipalilia na kuwaonyesha watoto halihitaji Walinzi Wekundu.

Leo kinachosukuma ni ardhi. Mji wa Tunduma ulikuwa na watu wasiofika 100,000 katika sensa ya 2012 na zaidi ya 200,000 katika ile ya 2022. Malori ya shaba na mafuta yanahitaji maegesho, wenye malori wanahitaji nyumba za wageni, kahawa na mahindi ya Mbozi yanahitaji mashamba. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inaeleza namna ya kuhamisha mabaki ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, pamoja na gharama za kuzika upya. Inamfaa mwenye kaburi linalojulikana ni la nani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya 1863. Kichaka hakimo kirahisi katika mojawapo: si jengo, hakina tarehe, na aliyelala humo hawezi kuhamishwa bila kuipoteza maana ya kichaka chenyewe.

Njia ipo, nayo ipo mikononi mwa vijiji vyenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutenga msitu wa hifadhi ya kijiji na kuuwekea sheria ndogo. Hakuna katika hizo kinacholazimisha kijiji kurudisha uchifu, kuamini tambiko au kuacha kanisa. Mkutano mkuu wa kijiji katika wilaya ya Ileje, Momba au Mbozi unaweza kukiingiza kichaka cha wazee kwenye ramani ya matumizi ya ardhi kama unavyoingiza chanzo cha maji, kwa jina lake na mipaka yake, na wajukuu wa ukoo uliotawala wakahesabiwa miongoni mwa wanakamati. Kazi hiyo inahitaji wazee wanaoweza kutembea hadi mahali penyewe na kunyoosha kidole. Walioona machifu wa mwisho wakiwa madarakani kabla ya 1963, hata kama walikuwa watoto wa miaka kumi, sasa wamepita miaka sabini.